Tumbo Likinyamaza, Limepona?

Wasee, leo tunaongea kuhusu choo. Kama unakula, weka simu kando kwanza, urudi baadaye.

Binamu yangu ana miaka 12, anaishi Bomet, na ana ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili inashambulia utumbo mpaka unatoa vidonda. Kabla jina hilo lipatikane alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa amiba tena. Wenzake darasani wakarefuka, yeye akabaki pale pale. Watu wakasema ni mfupi tu kama mamake.

Sasa ako poa. Anakula, anakimbia, haharishi. Na hapo ndipo ubishi ulianza, kwa sababu senge anachuma chai, analipwa kwa kilo, na bei ya hizo dawa si mchezo. Akauliza swali la haki kabisa: mtoto amepona, bado tunanunua za nini?

Shida ni kwamba tumbo linaweza kunyamaza na ndani bado kuna vidonda. Prednisolone, kwa mfano, inaleta nafuu haraka, lakini kuponya ukuta wa utumbo si kazi inayoiweza vizuri. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa STRIDE-II, uliotoka 2021, hauishii kwa "anajisikia vizuri". Unataka utumbo wenyewe upone, na mtoto akue kama wenzake.

Utajuaje bila kuingiza kamera kila mara? Choo. Kuna protini inaitwa kalprotektini, inatoka kwa chembe nyeupe za damu zinazokimbilia penye moto. Ikiwa nyingi, ndani kunawaka. Mwongozo unalenga ishuke hadi kati ya maikrogramu 100 na 250 kwa gramu moja ya choo. Si uchawi: maambukizi ya kawaida ya tumbo pia yanaipandisha, na huku kwetu hayo hayakosi. Kwa hivyo namba moja haitoshi. Unapima, unangoja miezi kadhaa, unapima tena, unaangalia inaelekea wapi, pamoja na damu, uzito na kimo. Na bado kamera ndiyo ina neno la mwisho.

Kinachoniudhi ni hiki. Chai yetu inaonjwa, inapewa alama, inasafirishwa mpaka mnadani Mombasa. Lakini hospitali tuliyoenda ilisema tu kipimo hicho hawana, mpeleke mtoto Nairobi. Ni mimi, niliyeacha chuo, niliyepigia maabara simu, nikaambiwa protini hiyo haiharibiki haraka. Mtoto abaki shule, choo kisafiri. Tukafunga kichupa vizuri, kikapanda matatu ya asubuhi.

Alipogunduliwa ilikuwa zaidi ya 1,800. Sasa ni 420. Senge aliziangalia hizo namba venye huangalia mizani ya chai, akasema bado haijafika 250, wacha tununue.