Deni Limeuzwa

Jumanne, 9 Aprili 2024. Moshono

Nimetoka zamu ya usiku nikakuta barua ya benki mezani. Kuanzia tarehe 1 Julai mkopo wetu wa nyumba utakuwa wa benki nyingine, "pamoja na haki na wajibu wote". Mwishoni wameandika kwamba mteja hana haja ya kufanya lolote.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo imeninyima usingizi. Hati ya kiwanja chetu imo kwenye kabati lao la chuma. Majina yetu, mishahara yetu, vipimo vyangu vya afya vya bima ya mkopo, vyote vimo kwenye jalada moja, na jalada hilo limeuzwa kabla sisi hatujajua. Mume wangu, Baba Neema, anasema rejesho likibaki lile lile hatuna ugomvi na mtu. Mimi naona rejesho ni kipande kimoja tu cha mkataba.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua haikatiki, Mlima Meru hatujauona wiki nzima. Nimesoma mkataba wote kwa kalamu mkononi. Riba asilimia 17, na benki inaweza kuibadilisha kwa kutoa taarifa. Mkopaji akilipa deni lote kabla ya muda, anatozwa asilimia 3 ya salio.

Salio letu ni milioni 48. Kwa hiyo kuondoka kunagharimu 1,440,000 kabla sijalipa kitu kingine.

Benki Kuu nayo mwezi huu imepandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Huyo mnunuzi nisiyemjua ndiye atakayeamua kama kupanda huko kunifikie mimi au la. Riba inayoweza kubadilishwa haiko sawa kwa kila mkopeshaji, maana inategemea tabia ya aliyeishika kalamu. Mimi nilichagua tabia ya benki moja, nimepewa nyingine.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda tawini, karibu na Mnara wa Saa. Afisa mikopo ni kijana mstaarabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie, nisipomtaka huyu mnunuzi, nikahamia benki ninayoitaka mimi, nitatozwa ile asilimia 3?"

"Ndiyo mama. Ada inahama na mkopo. Mkataba unabaki vile vile, anayebadilika ni mkopeshaji tu."

Nikamuuliza ada yenyewe ni ya nini. Alinieleza vizuri, na nataka niiandike hoja yake kwa haki. Benki haikopeshi kwa miaka kumi na mitano kutoka amana za watu wanaotoa pesa kila Ijumaa. Inatafuta fedha za muda mrefu, na nyingine inakopa TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 kuzikopesha benki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, nayo TMRC inakopa kwa kuuza hatifungani. Mimi nikirudisha fedha leo, benki bado inalipa riba kule ilikokopa. Asilimia 3 inaziba pengo hilo.

Hoja hiyo naikubali. Lakini nilipofika Sanawari kwenye daladala nikaanza kuigeuza. Benki yenyewe imeuza deni. Mnunuzi ameshailipa bei, na ndani ya bei hiyo zimehesabiwa riba zangu za miaka tisa ijayo. Aliyeuza hana pengo tena. Na aliyenunua alinunua akijua kwamba mteja hajaulizwa anataka kudaiwa na nani. Ada ya kumzuia mteja asivunje ahadi inawezaje kudaiwa na upande uliotangulia kuondoka?

Ijumaa, 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano

Tumeshinda Usa River kwa shemeji. Yeye ananiona nahangaika bure, maana ameona makubwa zaidi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja, na Meru Community Bank ilikuwa mojawapo. Watu wa huku walikimbilia mlangoni wakifikiria akiba zao. Bima ya amana wakati ule ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000 kwa mteja. Waliokuwa na mikopo baadhi yao walidhani wamepona. Bodi ya Bima ya Amana, ikiwa mfilisi, ikawa ndiyo mdai wao mpya.

"Benki inakufa, deni haliendi kaburini nayo," shemeji akasema, akanimiminia chai nyingine.

Ni kweli, na haki ni hivyo, kwa sababu fedha tulizokopa ni za watu. Hata Bank M ilipokwama, mali na madeni yake yalihamishiwa Azania mwaka 2019 na wakopaji wakahama nayo. Ila zile zilikuwa ajali za kuokoa waweka akiba. Hii yetu ni biashara ya hiari, kama ile ya Julai 2023, Standard Chartered ilipokubaliana kuiuzia Access Bank shughuli zake za wateja binafsi hapa Tanzania. Benki kubwa inaamua kwamba wateja wa aina yetu haiwahitaji tena. Ina haki ya kuamua hivyo. Nami nataka yangu iliyo ndogo kuliko hiyo.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Hajawahi kuliweka shamba la migomba rehani na hataliweka. Kwa Wameru ardhi ina kumbukumbu: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu Engare Nanyuki kwa nguvu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa kulilia haki. Akaniuliza kama huyo aliyenunua deni anaweza kuja kuitazama nyumba. Nikamwambia anaweza.

Jumapili, 5 Mei

Hesabu, baada ya ibada. Benki ya tatu niliyoiulizia iko tayari kutuchukua kwa asilimia 14. Miaka iliyobaki ni tisa.

Rejesho sasa ni kama 870,500 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 lingekuwa kama 784,000. Tunaokoa 86,500, ambayo ni gesi na nauli za watoto.

Gharama za kuhama: ada ya kulipa mapema 1,440,000, ada ya mkopo mpya 960,000, uthamini 350,000, wakili na usajili 500,000. Jumla 3,250,000. Itachukua miezi 38 kabla ya kuhama kuanza kutulipa. Bila ile asilimia 3, ni miezi 21.

Hapo ndipo ada inapofanya kazi yake ya kweli. Haimkatazi mtu kuondoka, inamcheleweshea faida mpaka akate tamaa.

Ijumaa, 10 Mei

Wakili wa Kaloleni, tunayeimba naye kwaya, amenipa nusu saa bila kunitoza. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inasema sharti lolote la mkataba linalomnyima mkopaji haki ya kuikomboa rehani yake ni batili. Pia inamruhusu mkopaji kuomba kwa maandishi rehani ihamishiwe kwa mkopeshaji anayemtaja yeye. Ng'ambo ya Namanga, sheria ya ardhi ya Kenya ya 2012 inauruhusu mkataba kumtaka anayelipa mapema atoe notisi ya mwezi mmoja au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Nimepiga hesabu kwa salio letu: 680,000. Chini ya nusu ya ninayodaiwa.

Ushauri wake: kwanza uilalamikie benki kwa maandishi, ikikukatalia uende dawati la malalamiko la Benki Kuu. Usianze na kelele.

Jumatatu, 3 Juni

Barua yangu imekwenda. Nimeomba taarifa ya salio iliyosainiwa kabla ya uhamisho, uthibitisho kwamba riba na bima havitabadilika kwa sababu ya mauzo, mahali hati itakapotunzwa, na kusamehewa ada ya asilimia 3 kwa kila mkopaji asiyetaka kuhamishwa. Wenzangu wawili wa wodini wenye mikopo huko huko wameandika zao.

Jumatano, 19 Juni

Wamejibu. Riba na bima zinabaki. Ada wataisamehe "kwa mteja atakayekamilisha malipo yote kabla ya tarehe 1 Julai".

Hakuna anayeweza kukamilisha. Benki mpya haitoi fedha mpaka mthamini afike, wakili aandae hati za kufuta rehani ya zamani, na Msajili asajili ile mpya. Hilo haliwezekani kwa siku hizi zilizobaki, na wao wanajua kuliko mimi.

Usiku huu nimeandika ombi moja tu: msamaha uhesabiwe tangu siku mteja anapotoa notisi, wala si siku fedha zinapoingia. Baba Neema amelisoma mara mbili, akasema safari hii anasaini na yeye. Notisi yetu nimeiambatisha. Kesho nikitoka kazini naipeleka kwa mkono, na sitaondoka kaunta mpaka nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.