Jino Likinyamaza Halijapona



Mimi ni Bwana Shamba. Kila siku nawaambia wakulima wasingoje ugonjwa uenee shambani. Lakini ugonjwa ulipoingia kinywani mwangu, mimi mwenyewe nilingoja.

Gego langu la chini lilitoboka. Nikinywa chai ya moto liliuma. Nikinywa maji baridi liliuma. Halafu likaanza kuuma usiku bila kuguswa. Niliweka karafuu, nikameza vidonge vya maumivu. Baada ya wiki 2 maumivu yakaisha. Nikasema, "Jino limepona." Nikaendelea na kazi.

Miezi 3 baadaye niliamka shavu limevimba. Hata ugali sikuweza kutafuna. Nilikwenda hospitali ya mkoa nikiwa tayari kung'olewa jino. Daktari wa meno alilipiga picha, akaniambia, "Jino hili bado linaweza kuokolewa. Tutasafisha mizizi yake."

Nikamwuliza, "Mbona liliacha kuuma?"

Akajibu, "Liliacha kuuma kwa sababu lilikufa ndani."

Maana yake ni hii. Jino ni gumu kwa nje, lakini ndani lina uwazi. Katika uwazi huo mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo hushuka mpaka mizizini kwa vijia vyembamba. Tukila sukari, vijidudu vya kinywani hutengeneza tindikali inayotoboa jino. Tundu likifika ndani, nyama ile huoza. Mshipa wa fahamu ukifa, maumivu hukoma. Lakini vijidudu huendelea kushuka hadi kwenye mfupa wa taya, na usaha hukusanyika huko.

Wakulima mnaijua hali hii. Shina la muhogo laweza kusimama vizuri, lakini ukichimba unakuta muhogo umeoza.

Vidonge peke yake haviponyi jino la namna hiyo. Dawa husafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki.

Sasa nieleze nilivyotibiwa. Kwanza nilichomwa sindano ya ganzi. Daktari akatoboa jino kwa juu, usaha ukapata njia ya kutoka. Akaingiza vyuma vyembamba kama sindano, akakwangua uozo katika vijia vya mizizi. Akaosha kwa dawa ya kuua vijidudu, akaliziba kwa muda. Niliporudi wiki iliyofuata, alijaza vijia hivyo kitu kinachofanana na mpira. Kitu hicho hutokana na utomvu wa mti unaoota Malaysia na Indonesia. Mwishoni akaliziba jino kwa juu. Magego mengi huvikwa pia kofia ngumu ili yasipasuke.

Mtaniuliza, je, iliuma? Sindano iliuma kidogo. Kwa siku 2 jino lilikuwa na maumivu madogo nilipotafuna. Basi. Leo natafunia mahindi ya kuchoma upande huo huo.

Lakini sitawaficha. Matibabu haya ni ghali kuliko kung'oa. Mimi niliuza mbuzi 2. Tena hayapatikani katika kila zahanati, wala si kila jino huokolewa. Jino lililopasuka mpaka mzizini hung'olewa. Kama ningekwenda tundu likiwa dogo, lingezibwa siku moja, na mbuzi wangu wangekuwapo zizini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tupige mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Tusiwazoeze watoto peremende. Uvimbe ukishuka shingoni, au mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua vizuri, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa ile ile, kwa maana hapo maisha yako hatarini.

Jino likikuuma, nenda. Likiacha kuuma bila kutibiwa, nenda upesi zaidi.