Moyo Utulie Kwanza: Wifi Yetu na Kipimo cha CT

Leo tunaweka kando hina na udi, tuzungumze kuhusu moyo. Si moyo wa mapenzi, bali ule unaodunda kifuani.

Kaka yetu alihamia Mpanda kikazi, akaoa huko huko. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na kwa sisi wa visiwani ni safari hasa: treni ya Mpanda hupita Kaliua na Tabora kabla ya kuelekea Dar es Salaam. Wifi yetu alipoanza kubanwa na kifua kila anapobeba ndoo ya maji, daktari alimpima presha, umeme wa moyo, kisha eko, ambayo hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi kabisa. Majibu hayakutosha. Akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam kupigwa CT ya mishipa ya moyo. Harusi ya binti yake ilikuwa imebaki wiki sita.

Wifi akagoma. "Nikajichome mionzi kifuani, halafu binti yangu aolewe mimi nauguzwa?" Alikuwa amesikia kwamba CT moja ni sawa na eksirei mia. Tukaona tusimlaumu, wala tusimshindilie maneno. Tukaenda kuuliza wenye fani.

Jambo la kwanza tuliloambiwa ni kuwa hofu yake ina msingi. CT ni eksirei nyingi zinazopigwa kuuzunguka mwili, na katika picha ya moyo matiti yamo njiani. Nyama ya titi huathirika na mionzi kwa urahisi, na kadiri mwanamke anavyokuwa mdogo kwa umri ndivyo tahadhari inavyozidi. Ndiyo maana msichana mwenye mapigo ya haraka kabla ya harusi hapelekwi CT moja kwa moja. Huanziwa vipimo visivyo na mionzi.

Jambo la pili ndilo lililotupa pumzi. Mionzi ya kipimo hiki imepungua mno. Mwaka 2007 wagonjwa wengi duniani walikuwa wakipokea takriban milisiveti 12. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2017 katika hospitali 61 za nchi 32 ulionesha kiasi hicho kimeshuka kwa asilimia 78, kikawa karibu milisiveti 3. Kwa kulinganisha, binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula.

Kimepunguaje? Zamani mashine ilimulika muda wote moyo unapodunda. Siku hizi husoma umeme wa moyo na kumulika pale tu moyo unapotulia, kati ya pigo na pigo. Nguvu ya eksirei hupunguzwa kwa mgonjwa mwembamba, eneo la picha hufupishwa liishie kwenye moyo, na kompyuta husafisha picha iliyopigwa kwa mionzi michache.

Lakini yote hayo yanataka moyo wa taratibu, na hapo mgonjwa ana sehemu yake. Moyo ukienda mbio picha hutoka na ukungu, mionzi huongezwa au kipimo hurudiwa. Kwa hiyo wifi aliambiwa aache kahawa, akapewa dawa ya kupunguza mapigo, akafundishwa kubana pumzi bila kutikisika. Tukamwambia atumie dakika zile za kusubiri kwa dhikri. Alipigwa picha mara moja tu, na alhamdulillahi mishipa ilikuwa haijaziba. Alirudi Mpanda na dawa za presha.

Dada zetu, mwili ni amana, na kutawakali kwetu huja baada ya kumfunga ngamia. Ukiandikiwa kipimo hiki, uliza kwa adabu: Je, kuna kipimo kisicho na mionzi kitakachotosha? Mtapiga picha kwa kufuata mapigo ya moyo? Kiasi kimepangwa kulingana na mwili wangu? Maswali haya si ujuvi. Nchini Tanzania usalama wa mionzi unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa sheria ya mwaka 2003.

Nawe sema yako bila haya. Sema kama una pumu, maana dawa ya kupunguza mapigo huenda isikufae. Sema kama figo zina tatizo au uliwahi kudhurika na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane. Beba picha zako za zamani usije ukarudishiwa kipimo bure. Pini za mtandio, mikufu na sidiria yenye waya viache nje, na omba mhudumu wa kike kama yupo.

Na wewe bi harusi mpya, hata kama hedhi imechelewa siku mbili tu, mwambie mtaalamu kabla hujalala kitandani. Hata ukiwa umemsindikiza mama mkwe, usiingie naye chumbani. Pengine kuna mgeni ambaye hata mumeo hajapata habari zake.

Mwenyezi Mungu azilinde nyoyo zetu, na awape shifaa wote wanaosubiri majibu.