Pesa Zetu Zenda Wapi?

Mwaka 1996 mkutano wa hadhara nchini Kenya ulihitaji kibali cha serikali, na hakuna aliyetarajia kupewa kibali cha kwenda kuulizana pesa za mji zinatumikaje. Kwa hivyo wazee wa Kibokoni, mtaa wetu katika Mji wa Kale wa Mombasa, wakaitisha kikao cha chama cha kufa na kuzikana. Chama kilikuwako kweli, na sanduku la sanda na ubani lilikuwako. Ajenda tu ndiyo iliyokuwa nyingine. Mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye mwandiko unaosomeka, nikaombwa niandike. Nilikaa upande wa wanawake, karibu na mlango, ili maneno ya pande zote mbili yanifikie.

Vijana wa leo hawaamini nikiwaeleza mji ulivyokuwa. Jaa la karibu na kwetu lilipita kimo cha mtu, mbuzi wakilipanda mchana kutwa. Mvua ikinyesha, maji meusi yaliteremka mtaroni mpaka kwenye vizingiti vya milango ya nakshi ambayo watalii walikuja kuipiga picha. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Lori la taka haliingii. Lazima awepo mtu wa kufagia na mkokoteni wa kuzitoa taka hadi barabara kubwa, na mtu huyo alikuwa haonekani tena. Maji nayo, ingawa bomba la chemchemi za Mzima limeuhudumia mji tangu miaka ya 1950, sisi tuliletewa na hamali kwa mitungi, na bei alipanga yeye.

Aliyefungua kikao alikuwa mzee mmoja aliyestaafu bandarini Kilindini. Alikuja na bahasha ya kaki, akatoa hati zake za mshahara za miaka ya mwisho kazini, akazipanga juu ya mkeka moja baada ya nyingine mpaka zikafika miguuni mwa watu. Kwenye kila hati palikuwa na mstari wa makato ya ushuru wa huduma, ule ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ili wafanyakazi na wafanyabiashara wazichangie mamlaka za mitaa. Akawa anaweka kidole. "Mwezi huu walinikata. Na huu. Na huu. Haya, huduma yenyewe iwapi? Pesa zetu zenda wapi?"

Upande wetu akajibu mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi. Tikiti zake za ushuru wa kila siku alizihifadhi kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaupitisha mkebe mlangoni ili wanaume wauone. Alisema hivi, nami nikayaandika maneno yake neno kwa neno: "Huyu askari anayenipindulia karai, mshahara wake watoka humu mkebeni. Namlipa aje anifukuze."

Kutoka kwa askari wa manispaa mazungumzo yakageukia polisi, na sauti zikapanda.

Mwenye duka mmoja alitaka kituo cha polisi kijengwe mtaani. Alikuwa anamlipa gadi wa usiku, analipa leseni, na bado mlango wake ulivunjwa. Alipokwenda kuripoti aliambiwa gari halina mafuta, akatoa ya kununulia. Vijana kadhaa walimuunga mkono, maana unga, yaani dawa za kulevya, ulikuwa umeshaingia vichochoroni na wenzao waliusinzilia mbele ya macho yetu. Lakini mama mwenye mtoto anayetumia unga alipinga, huku analia. Alisema polisi wanajua nyumba ya muuzaji, na kila wakija humbeba mwanawe. Yeye ndiye anayekwenda kumtoa, na hatoki bure.

Kisha likaja la 1992. Hakuna aliyekuwa amelisahau. Mwezi wa Mei mwaka ule, baada ya kukamatwa wahubiri waliohusishwa na Islamic Party of Kenya (IPK), chama ambacho serikali ilikataa kukisajili, vijana walipambana na polisi kuanzia Mwembe Tayari. Kwenye kichochoro moshi wa bomu la machozi hauna pa kwenda. Hukaa baina ya kuta mbili, ukapanda ghorofani, ukaingia chumba cha mzazi mwenye kichanga. Tuliziba madirisha kwa kanga zilizoroweshwa maji. Na waliokuwa kikaoni walikumbuka kasi ya serikali siku zile: magari, mafuta ya magari, askari na chakula cha askari, vyote vilipatikana bila mtu kuambiwa asubiri bajeti.

Mzee wa bandari akauliza, bomu moja la machozi ni shilingi ngapi? Tukaangaliana. Nikaliandika swali, na nafasi ya jibu nikaiacha wazi. Mwalimu mkuu mstaafu akatukumbusha kwamba polisi hulipwa na serikali kuu, manispaa haina sauti juu yao, na kwamba tukiwalaumu madiwani kwa hilo tutakuwa tumekosea mlango. Maneno yake yalikuwa kweli, lakini yalituongezea uchungu: kumbe ulinzi wa mtaa wetu ulikuwa unaamuliwa Nairobi, na sisi hatukuwa na mtu wa kumuuliza.

Makubaliano ya kikao kile bado nayaona ya watu wenye akili kuliko mipango mingi niliyosoma baadaye. Kabla ya kituo chochote cha polisi, wakazi walitaka taa vichochoroni, mtaro uzibuliwe hadi baharini, na mikokoteni miwili na watu wa kuisukuma. Mwizi na muuza unga, walisema, hutafuta giza, na mama anayerudi kutoka kuzalisha usiku hahitaji bunduki nyuma yake, anahitaji kuona anapokanyaga. Niliandika barua kwa mkono, ikapelekwa manispaa. Jibu halikuja.

Tukachanga. Hamali wawili wakaanza kuzitoa taka alfajiri, kila nyumba ikilipa kila wiki. Mzee wa bandari alikataa katakata kutoa hata senti. "Nikilipa mara ya pili nimewasamehe ya kwanza," alisema. Kwa hoja alikuwa sawa, na hakuna aliyemshinda. Lakini watoto walikuwa wanaharisha, na mama yangu akalipa bila kungoja hoja imalizike.

Mwishoni mwa 1997 sheria ya kibali cha mikutano ikalegezwa. Mwaka uliofuata Najib Balala akawa meya wa Mombasa, na katika muda wake mfupi hadi 1999 tuliona mafagio yamerudi. Nilifurahi, na nilikasirika pia, kwa kuwa mji ulikuwa uleule na watu walewale, na kumbe ilikuwa inawezekana. Ushuru wa huduma ukafutwa. Ukaja mfuko wa LATF, uliowekwa kwa sheria ya 1998, wa kuzipa mamlaka za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Manispaa yenyewe ikaisha 2013 kaunti zilipoanza.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na sasa tunaalikwa ukumbini kujadili bajeti. Hilo nalithamini, kwa sababu nawajua waliokufa wakilitaka. Lakini mwaka 2018 kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, gharama ziliangukia wenye nyumba, na wajane wanaoishi kwa kodi ya chumba kimoja hawakuwa na pa kuzitoa. Na katika kikao kimoja cha karibuni, kitabu cha bajeti tulipewa asubuhi ileile, kinene, kwa Kiingereza, tukiambiwa tutoe maoni kabla ya adhuhuri. Vijana walitaka doria za polisi ziongezwe kwa ajili ya magenge ya mapanga. Mama mmoja akasema kwanza wapatiwe matibabu watoto wa unga.

Zamu yangu ilipofika sikuzungumzia polisi. Nilitaka vichochoro vyetu viandikwe kimoja kimoja kwa majina tunayoviita sisi, ionyeshwe kipi kina taa na kipi hakina, taa moja inagharimu kiasi gani, na nani atakayeibadilisha ikiungua. Na kitabu kije kwa Kiswahili, wiki mbili kabla, kiwekwe msikitini, kanisani na dukani.