Niliongeza jani la springi, nusura nipoteze familia

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1978. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshatumika, akatusomesha nalo, na alipofariki likabaki kwangu. Majirani hulicheka, lakini asubuhi linawaka.

Kwa msiojua, magari mengi ya umri huo hayana nyuma springi za kuviringwa kama mengi ya siku hizi. Yana springi za majani: vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikafungwa kwenye ekseli kwa boliti za umbo la U.

Ada za shule zilipopanda, nilianza kushusha kabichi na viazi kutoka Lushoto hadi Mombo mara mbili kwa wiki. Gari likijaa, nyuma lilikaa chini kama kuku anayeatamia, na matairi yakawa yanakwaruza bodi. Nikaenda kwa fundi, nikamtaka aongeze jani moja kila upande. Akaniuliza, "Unabeba mzigo kila siku?" Nikamwambia ndiyo. Nilidanganya ili asinibishie.

Siku za mzigo, gari lilikuwa raha tupu. Nikajiona mjanja. Siku moja mke wangu aliketi kiti cha nyuma na mtoto wetu mdogo, akasema, "Baba watoto, huku nyuma gari linarukaruka. Halikuwa hivi." Nikamjibu jibu ambalo naona haya kuliandika: "Wewe mambo ya gari umeyajulia wapi?" Akanyamaza.

Jumamosi moja tulikuwa tunateremka kwenda kumwona bibi yao. Gari halina mzigo, watoto wawili nyuma, manyunyu yanadondoka. Tulipopita Soni, kwenye kona ya kushoto, lami ilikuwa imebomoka kidogo. Sikuwa na mwendo mkali. Gurudumu la nyuma likagonga shimo, likaruka, na nyuma ya gari ikaniponyoka kuelekea upande wa bonde. Pua ikageukia mlimani, tukasimama gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro.

Hakuna aliyeumia. Wote tulikaa kimya mpaka binti yangu wa miaka minane akauliza, "Baba, mbona nyuma ilitaka kututangulia?" Sikuwa na jibu.

Nililipata kwa fundi mmoja mzee, Mombo. Aliingia chini ya gari, akatoka, akaniambia nikae.

"Mwanangu, springi hii ina kazi mbili," akasema. "Inabeba uzito, na inaishika ekseli mahali pake. Wewe umefikiria uzito tu." Akanieleza kwamba springi ngumu bila mzigo haikunjiki. Barabara ikiwa na mashimo, tairi linaruka badala ya kuufuata udongo, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Tena majani yale yaliinua nyuma ya gari. Gari lililoinuliwa hivyo likilalia upande kwenye kona, gurudumu la nje husogea nyuma kidogo na la ndani husogea mbele. Ekseli nzima inakaa mshazari, nyuma inajipigia kona yake bila kukuuliza.

Hayakuishia hapo. Shokapu zilikuwa zimekufa, bushi ya mbele ya springi moja imelika, na boliti za U zimelegea. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameniambia nirudi baada ya siku chache azikaze upya, kwa sababu majani mapya hujipanga na boliti hulegea. Sikurudi.

Mzee alitoa majani niliyoongeza, akabadilisha bushi na shokapu pande zote mbili. "Usibadilishe upande mmoja," akasema, "gari litachechemea." Baada ya wiki nilirudi akakaza boliti. Siku hizi kabichi nazishusha kwa safari mbili badala ya moja. Petroli inaniuma, lakini nimekubali.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tunaendesha magari ya zamani, na hakuna aibu. Ila gari moja likiwa la biashara Jumatano na la watoto Jumamosi, usilitengeneze kwa ajili ya Jumatano peke yake. Mweleze fundi ukweli wa unachobeba. Mwombe aangalie bushi, boliti na kama kuna jani lililopasuka. Ukiona gari tupu linadunda nyuma, au linatembea upande kama kaa, usingoje kona ikueleze.

Lililobaki halikuwa la gereji. Jioni ile watoto walipolala, nilimwambia mke wangu, "Uliniambia nikakudharau. Nisamehe." Hakunisimanga. Alisema tu, "Anayekaa nyuma ndiye anayejua nyuma kukoje."

Tangu siku hiyo, kabla ya safari nawauliza waliokaa nyuma: vipi huko? Binti yangu ndiye mkaguzi. Akisema kunadunda, tunasimama tukaangalie.