Lenta ya Kuzunguka Nyumba Yote

Magoti yamekataa ngazi, kwa hiyo mwiko na pima maji nimemkabidhi mpwa wangu. Timazi nimebaki nayo. Nimestaafu saiti, lakini kuna ubishi mmoja ambao sijaustaafu, nao ni huu: msanifu majengo aliyetoka chuoni apimwe kwa kitu gani?

Nilizaliwa Uvira, Kongo, mtoto wa masoni wa misheni. Nilibeba ndoo za maji ya saruji kabla ya kujua kusoma. Vita vya mwaka 1996 vilitutawanya, na baada ya kuzunguka sana tulifika Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, makazi ya wakimbizi yaliyokuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tulipewa kiwanja, miti ya kusimamisha kibanda na shiti la plastiki. Yaliyofuata yanafanana na ya kila jirani yangu, nayapita.

Aliyenifanya fundi ni mzee mmoja wa Juru, humohumo Nakivale, Mnyarwanda aliyeingia huku mtoto katika wimbi lililoanza 1959. Hakuweka tofali kavu hata siku moja. Lazima lilowekwe kwanza, lisije likanyonya maji ya udongo. Udongo wake wa kujengea ulitoka kwenye kichuguu, na aliuchagua kwa kuufinyanga mkononi. Ila jambo aliloligombania na kila mteja ni lenta. Mafundi wengi, kwa kubana matumizi, huweka lenta juu ya mlango na madirisha tu. Mzee alitaka izunguke nyumba yote, hata juu ya ukuta usio na tundu lolote, na nondo za kona zipindwe ziingie ukuta wa pili, zisikatwe konani. Asiyeweza nondo, alimfungia miti ya mkaratusi iliyoshikana kwenye kila kona. Pembetatu ya chini ya paa hakukubali ijengwe kwa tofali. Aliijenga kwa mbao na bati. "Nyumba isiyo na mshipi," aliniambia, "kila ukuta unasimama peke yake."

Wateja walimwona mbishi. Kisha Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera, ng'ambo ya mpaka, likaua watu Bukoba na kutikisa mpaka kwetu Isingiro. Siku zilizofuata nilizipita nyumba tulizojenga pamoja, na nyingine za jirani. Penye pembetatu za tofali niliona nyufa, na mahali pengine tofali zimelala chini. Za mzee zilikuwa zimesimama. Wapo watakaosema ni bahati ya ardhi. Nimewasikia, na bado nasema ni lenta.

Wakati huo nilikuwa fomani Mbarara. Mji ulikuwa unapanda ghorofa, hadi mwaka 2020 ukapewa hadhi ya jiji, na wanafunzi wa usanifu walikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Uganda haina historia ndefu katika somo hili: Makerere ilianza kufundisha usanifu majengo mwaka 1989, na kabla ya hapo wengi waliotaka kazi hiyo walikwenda Nairobi. Ni masomo ya miaka mingi na ada kubwa, na vijana niliowapokea walikuwa na akili kali. Walichora vizuri kuliko nitakavyochora maisha yangu yote.

Mwaka mmoja chuo kimoja kilikuwa kinatathmini shahada yake, nami niliitwa pamoja na wakandarasi wengine kutoa maoni kuhusu wahitimu. Tulipewa fomu. Iliuliza mhitimu amepata ajira baada ya muda gani, analipwa kiasi gani, anaijua programu ipi ya kuchorea. Niliomba liongezwe swali moja: jengo alilochora lina hali gani baada ya misimu miwili ya mvua? Mwenyekiti wa kikao alinijibu kwamba fundi hawezi kupima shahada. Sikubishana naye mbele ya watu. Niliandika swali langu pembeni mwa fomu, nikaitia sahihi.

Katika orodha yao ya wahitimu alikuwemo binti mmoja aliyefanya mafunzo kwangu. Alikuwa akiniita Papa, akikaa na vibarua wakati wa chakula, akiuliza kwa nini kona hii inavuja. Alipohitimu hakwenda Kampala. Alirudi huku, akawachorea watu wa makazi vyumba vya tofali za udongo vyenye paa lililotokeza mbali kulinda ukuta, na lenta ya kuzunguka. Kwa kuwa hakuwa na mwajiri, fomu ile ilimhesabu kama asiye na kazi. Hilo liliniuma kuliko jibu la mwenyekiti. Hata msanifu Francis Kéré alijenga shule ya Gando, kijijini kwao Burkina Faso, kwa udongo wa hapohapo. Ilikamilika mwaka 2001, naye bado mwanafunzi Berlin. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker. Fomu ya namna ile ingemwandika nini mwaka ule wa 2001?

Vijana mnaosoma usanifu, nisikilizeni. Shikeni timazi kwa mkono wenu kabla ya kuchora ukuta. Simameni saiti siku ya kumwaga zege, muone nondo inavyopinda konani, kwa sababu mstari mlioufuta kwenye ramani ili kumpunguzia mteja gharama ndio fundi atakaoacha kuujenga. Mkimaliza jengo, rudini kuliona mvua zikishanyesha. Na nyinyi mnaopima shahada, pandeni gari mje Juru na Rubondo na vitongoji vya Mbarara, mgonge milango, muulize wanaolala humo. Maswali ninayo tayari, na nyumba za kuanzia nitawaonyesha mwenyewe.