Shahada ya Mkasi na Sindano Mjini Antwerp

Ndugu msomaji, ukishuka garimoshi katika kituo kikuu cha Antwerp, nchini Ubelgiji, utadhani umeingia katika kanisa kuu wala si katika kituo cha abiria. Kuba lake, lililokamilika mwaka 1905, limeinuka kiasi cha kumfanya mgeni asimame na mizigo mkononi huku wenyeji wakimpiga vikumbo. Nami nilisimama hivyo hivyo. Hata hivyo sikwenda huko kutazama majumba. Nilikwenda kumwona mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesomea shahada ya ubunifu wa mavazi, na nilikuwa nimebeba ujumbe wa mama yake usiokuwa mwepesi kuufikisha: arudi nyumbani akasomee uhasibu.

Usiharakishe kumlaumu dada yangu. Marehemu baba yetu alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani kwa watu usiku na mchana, hasa zikikaribia sikukuu, na nuru ya macho yake iliishia katika tundu la sindano. Dada aliapa kwamba mtoto wake hatairithi cherehani ile. Sasa fikiri, msomaji, alijisikiaje alipoona fedha alizozidunduliza dukani zikivuka bahari ili binti akajifunze kushona!

Antwerp ni mji wa bandari, uliolala kando ya mto Schelde, na habari zake na nguo ni za kale. Katika karne ya 16 vitambaa vya sufu vilivyofumwa Uingereza vililetwa hapa kutiwa rangi na kumaliziwa kabla ya kwenda masokoni. Baadaye meli zilishusha hapa pembe za ndovu na mpira kutoka Kongo, na wasomaji wetu wa Kongo hawana haja ya kukumbushwa jinsi mali ile ilivyopatikana. Katika mji huo huo mchoraji David Teniers alianzisha chuo cha sanaa mwaka 1663. Ilipita miaka 300 ndipo chuo hicho kilipofungua idara ya mavazi, mwaka 1963, chini ya mwalimu Mary Prijot.

Ungeutembelea mji huu miaka ile, ukauliza habari za mitindo, ungeambiwa uende Paris. Mambo yaligeuka mwaka 1986, pale vijana 6 waliohitimu katika idara hiyo walipopakia nguo zao katika gari la kukodi, wakaenda London kuzionyesha. Waandishi wa magazeti ya Uingereza walishindwa kuyatamka majina yao ya Kiholanzi, basi wakawaita tu wale sita wa Antwerp. Mmoja wao, Dries Van Noten, ni mjukuu wa fundi aliyekuwa akifumua nguo kuukuu, akizigeuza upande wa ndani ukawa nje, na kuzishona upya. Kijana huyo aliwabunia watu mavazi kwa muda wa karibu miaka 40, hadi alipong'atuka mwaka 2024. Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka baba yetu akigeuza kola za mashati ya walimu, na nikaanza kuuona ujumbe wangu mzito zaidi.

Mpwa wangu anakaa katika chumba kidogo, mwendo wa dakika chache kutoka barabara ya Nationalestraat, ambako ndiko liliko jumba la makumbusho ya mavazi, MoMu, lililofunguliwa mwaka 2002. Kitanda chake kilikuwa kimefunikwa vipande vya nguo hata sikuona mahali pa kuketi. Nikashika kimoja, nikacheka. Kilikuwa amerikani! Naam, ile ile amerikani nyeupe ya bibi zetu. Mwanafunzi wa mavazi hakabidhi mkasi wake kwa hariri mara moja. Kila vazi hulikata kwanza katika kitambaa hicho cha bei nafuu, akalivisha sanamu, akaliwekea alama za chaki, akalifumua, akalikata tena. Makosa yote hufanyika hapo, kwenye kitambaa kisicholiza mtu.

Masomo ya shahada ya kwanza huchukua miaka 3, na ya uzamili mwaka 1. Anayeomba nafasi hufanya mtihani wa kuingia, wala kuingia si kufika: wanaoanza ni wengi, wanaomaliza ni wachache. Katika mwaka wa tatu mwanafunzi hubuni mavazi kwa kuyachunguza mavazi ya asili ya watu fulani. Lakini lililonishangaza ni zoezi la mwaka wa pili, alilokuwa nalo mpwa wangu. Mwanafunzi huchagua vazi moja la kihistoria na kulishona upya kama lilivyokuwa. Nikamwuliza, "Umekuja kubuni au kunakili?"

"Mjomba," akanijibu, "utavunjaje usichokijua?"

Alikuwa amechagua gauni la kike la karne ya 18, lenye marinda mapana yanayoteremka mgongoni kutoka mabegani. Zama hizo kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya fundi. Kwa hiyo mafundi walikata vipande vilivyonyooka, wakapoteza kidogo sana, wakashona kwa mkono mishono inayofumulika, ili nguo iweze kugeuzwa baada ya miaka. Alipokuwa akinieleza nilichukua karatasi nikamchorea kanzu: pande za mwili zilizonyooka, mikono iliyonyooka, na kikwapa chini ya mkono ili mtu apate kunyoosha mikono bila ya nguo kupasuka. Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akaibandika ukutani kwa pini.

Mkono wa kushoto wa gauni lake alikuwa ameshaufumua mara nne. Jopo la walimu litalitazama mwezi wa Juni, na ndilo litakaloamua kama ataendelea na mwaka wa tatu. Hakunificha kwamba anaogopa, wala kwamba wenzake kadhaa wameshafunga mizigo.

Ujumbe niliufikisha usiku ule, kwani uliaminiwa kwangu na haukuwa wangu kuuficha. Alisikiliza bila ya kuinua macho kutoka kwenye sindano. Kisha akaomba nimpigie mama yake simu, ila nimweleze nilichokiona, nisimweleze anachokitaka yeye.

Nikapiga. Dada yangu alinisikiliza mpaka nikamaliza habari za amerikani, jopo na ule mkono wa kushoto. Akauliza swali moja tu.

"Kaka, anapiga bandi kabla ya kushona?"

"Anapiga. Na ikipinda anafumua."

Akanyamaza kitambo. "Basi mwambie avae subana," akasema. "Baba alikuwa hapendi kuivaa."